Namna ya kuipima dayati kabla hujaianza

Kila Januari, na tena wiki ya kwanza baada ya Idi, karatasi zilezile huanza kuzunguka WhatsApp: dayati ya mayai ya siku 7, keto ya mwezi mmoja, kufunga saa 16, maji ya tangawizi na tango ya kukata kitambi. Kila moja huja na picha mbili za tumbo, la kabla na la baada, pamoja na idadi ya kilo zilizoondoka. Mtaalamu wa lishe angesema nini akiisoma, hapo karatasi iko kimya.

Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu, karatasi na nusu saa ya utulivu. Ila usianze na swali la "inapunguza kilo ngapi?", maana karibu kila dayati hupunguza, angalau mwanzoni. Swali lenye faida ni hili: inaondoa nini kwenye sahani yangu, na inaweka nini mahali pake?

Hatua ya 1: Andika kipimo chako

Ushauri wa ulaji bora haubadilikabadiliki kama watu wanavyodai. Wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwongozo wa Wizara ya Afya ya Kenya wa mwaka 2017 na mafundisho ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania yote yanaelekea upande mmoja. Kwa mtu mzima, nakili haya juu ya karatasi yako:

- Mboga na matunda: angalau gramu 400 kwa siku. Viazi na mihogo havihesabiwi hapa, hata ukivila na kachumbari.
- Nyuzinyuzi: angalau gramu 25 kwa siku, kutoka kwenye nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda.
- Sukari ya kuongeza, pamoja na asali na sukari iliyomo kwenye juisi: chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na ukiweza kushuka hadi gramu 25 ni bora zaidi.
- Mafuta yote: yasizidi asilimia 30 ya nishati. Yale yanayoganda, kama samli, shahamu ya nyama na mafuta ya nazi, yabaki chini ya asilimia 10.
- Chumvi: chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya kukoleza mchuzi.

Gramu 400 zinatisha kwenye karatasi kuliko sahanini. Kikombe kimoja cha mchicha uliopikwa, nyanya moja kubwa na chungwa moja vinakufikisha.

Hatua ya 2: Iandike siku moja ya dayati hiyo, chakula kwa chakula

Hapa ndipo karatasi nyingi huumbuka. "Saladi kiasi" ni kiasi gani? "Kipande cha nyama" kina ukubwa gani? Kadiria kwa kikombe, kijiko na kiganja, kisha tafuta thamani ya kila chakula. Majedwali ya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018 yanapatikana bure kwenye intaneti, na humo utakuta chakula chetu chenyewe, kuanzia ugali mpaka kisamvu, bila kulazimika kubahatisha kwa vyakula vya Ulaya.

Tuifanye pamoja kwa dayati ya mayai. Ina sura nyingi, lakini siku yake ya kawaida huwa hivi: asubuhi mayai 2 ya kuchemsha na nusu chungwa, mchana kipande cha kuku bila ngozi, tuseme gramu 120, na bakuli dogo la kachumbari, usiku mayai 2 tena na mchicha kidogo usio na mafuta.

Mayai 4 yana kalori kama 300 na protini gramu 24 hivi. Kuku anaongeza kalori 200 na protini gramu 35 au zaidi. Nusu chungwa, kachumbari na mchicha vyote pamoja havifiki kalori 150. Jumla, kwa makisio, ni kalori 650 kwa siku nzima.

Sasa iweke mbele ya kipimo. Protini inatosha. Sukari ya kuongeza hakuna, chumvi ni kidogo, na hapo dayati inastahili sifa. Mboga na matunda ni gramu 300 hivi, kwa hiyo imepungua. Nyuzinyuzi ni gramu 7 au 8 kati ya 25 zinazotakiwa, kwa kuwa yai na nyama hazina kabisa. Ndiyo maana watu wa dayati hii hulalamika siku ya tatu kwamba choo kimegoma. Na kalori 650 ni theluthi moja tu ya mahitaji ya watu wengi wazima, ndiyo maana siku ya tano wanalalamika kichwa.

Hatua ya 3: Hesabu kilo zinazoahidiwa

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zinazokaribia 7,700. Anayehitaji kalori 2,000 kwa siku akila 650 anakuwa na upungufu wa 1,350. Zidisha kwa siku 7, unapata 9,450. Hiyo ni kilo 1.2 ya mafuta, ikiwa kila kitu kimekwenda sawasawa.

Lakini karatasi iliahidi kilo 5, na wapo waliopanda mizani wakazikuta zimeondoka kweli. Zilikwenda wapi? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, gramu mia nne, mia tano hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla akiba inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo, na mizani inashuka kilo moja na nusu hadi mbili ndani ya siku chache. Ongeza utumbo uliobaki mtupu, ongeza misuli kiasi iliyoliwa na mwili wenyewe. Siku utakaporudi kwenye wali, akiba inajazwa na maji yanarudi. Mtu hujilaumu kwamba amenenepa kwa sahani moja, kumbe amerudisha maji yake tu.

Kwa hiyo karatasi yoyote inayoahidi zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki baada ya wiki, iwekee alama nyekundu. Kasi inayoshauriwa na wataalamu wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kupungua kwa kasi sana huongeza pia hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, jambo ambalo sijawahi kuliona limeandikwa chini ya zile picha mbili za tumbo.

Hatua ya 4: Zipitishe dayati maarufu kwenye kipimo hichohicho

Keto ndiyo yenye mashabiki wakali zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Haikubuniwa kwa ajili ya kitambi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic nchini Marekani aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo hutumika, chini ya usimamizi wa hospitali, kwa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Kanuni yake ni kushusha wanga hadi gramu 20 mpaka 50 kwa siku na kupata asilimia 70 au zaidi ya nishati kutoka kwenye mafuta.

Gramu 50 za wanga ni kidogo kuliko unavyofikiri. Kikombe cha maharage ya kuchemsha kina kama 40. Ndizi mbivu moja ya wastani ina 27. Ukila vyote viwili umeshavuka mpaka, na ugali haujaingia mezani. Maana yake keto haiondoi soda na maandazi tu, mambo ambayo kila mtu angeshangilia. Inaondoa pia maharage, choroko, kunde, dona, ulezi, embe na viazi vitamu, yaani sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za mtu wa Afrika Mashariki. Mafuta ni zaidi ya mara mbili ya kikomo cha WHO. Na kama mafuta yenyewe ni ya nazi na samli, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu 11 au 12 za mafuta yanayoganda, wakati kikomo cha siku ni gramu 22 hivi. Vijiko viwili, siku imekwisha.

Inapunguza uzito? Ndiyo, na njaa hupungua kwa watu wengi. Sukari ya damu pia hushuka. Hayo ni ya kweli, na wanaoikataa keto kwa kejeli hawawatendei haki wanaohangaika na kisukari. Ila ukiipima kwa mwongozo inafeli kwenye nyuzinyuzi, kwenye mafuta na kwenye makundi ya chakula, na wengi hawaivumilii miezi sita. Anayeitaka kwa sababu ya sukari aifanye pamoja na daktari wake. Anayeitaka kwa ajili ya harusi ya Desemba atafute njia nyingine.

Kufunga kwa saa ni habari tofauti, kwa sababu hakusemi ule nini, kunasema ule lini. Tanzania, mihadhara ya Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, kuhusu kupunguza milo na sukari imechangia kulifanya jambo hili gumzo la daladala. Mtindo unaopendwa ni wa saa 16 bila chakula na saa 8 za kula. Mwingine ni wa siku mbili kwa wiki za kula kalori 500 au 600 tu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye uzito uliopitiliza. Wote walipunguziwa kalori, nusu yao wakaambiwa pia wale ndani ya saa 8 tu. Baada ya mwaka mmoja waliobanwa saa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema saa zenyewe ndizo zilizofanya kazi. Kalori ndizo zilizopungua pande zote mbili.

Watu wa pwani hawahitaji utafiti kulijua hili. Ramadhani watu hufunga mchana kutwa, na bado wapo wanaotoka na nguo zinazobana, kwa sababu futari ilikuwa mihogo ya nazi, sambusa, kaimati na jagi la juisi, halafu daku juu yake. Kwa hiyo dayati ya kufunga unaipima kwa kile kinacholiwa ndani ya zile saa 8. Ukiweka humo gramu 400 za mboga na matunda, kunde na nafaka nzima, inafaulu. Ukiweka chipsi mayai, saa hazitakusaidia. Na tofauti na swaumu, hapa maji unakunywa muda wote.

DASH na mlo wa nchi za Mediterani ndizo zinazofaulu karibu kila kipengele, na ndizo zisizo na kelele. DASH ilipimwa Marekani kwa ajili ya presha, matokeo yakatoka mwaka 1997: mboga na matunda kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, kunde, karanga, nyama kiasi. Presha ilishuka ingawa uzito wa washiriki ulizuiwa usibadilike kwa makusudi, kwa hiyo ukitaka kupungua itabidi upunguze na ukubwa wa sahani. Ya Mediterani huwatisha watu kwa bei ya mafuta ya zeituni. Achana na chupa hiyo. Kiini chake ni samaki, kunde, mboga, matunda, karanga na mafuta yasiyoganda. Alizeti ya Singida inaingia bila tatizo, na dagaa wa Ziwa Victoria nao.

Juisi za kusafisha mwili na chai za kukata tumbo hazihitaji nafasi kubwa. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo, nazo hazingoji tango. Juisi bila chakula haina protini ya maana, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na sukari yake WHO huihesabu sawa na ya kuongeza. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki, yaani dawa inayomfanya mtu aharishe. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Hatua ya 5: Usitafute mshindi

Ukishapima dayati tatu nne utatamani kujua ipi ni bingwa. Watafiti wameshajaribu. Mwaka 2009 Marekani walichapisha matokeo ya watu 811 waliogawiwa dayati nne, zikitofautiana mafuta, protini na wanga. Baada ya miaka miwili waliopungua walipungua karibu sawa. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Stanford, watu 609 waligawanywa: wengine wapunguze mafuta, wengine wanga. Mwaka ulipoisha, kundi la mafuta kidogo lilipungua wastani wa kilo 5.3 na la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu.

Kuna jambo katika utafiti huo wa Stanford ambalo mabishano ya mitandaoni huliruka. Makundi yote mawili yaliambiwa wapunguze sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi, wapike nyumbani. Ukichukua keto nzuri na dayati ya mafuta kidogo iliyo nzuri, ukaondoa majina, utakuta sehemu kubwa ya kazi imefanywa na hayo matatu.

Hatua ya 6: Soma kabati lako la dawa kabla ya kusoma karatasi

Hatua hii hairukwi. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, kama glibenclamide, akifunga au akiacha wanga bila kubadilishiwa dozi, sukari yake inaweza kushuka mpaka akazimia. Anayetumia dapagliflozin, dawa nyingine ya kisukari, au dawa za kundi lake asiingie keto kabisa bila daktari, kwa sababu damu yake inaweza kujaa asidi hata kipimo cha sukari kikionyesha namba ya kawaida. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa uzito ukianza kushuka. Kizunguzungu unaposimama ni dalili ya kurudi kliniki.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kusumbuliwa na ulaji wa kujinyima au kujitapisha: karatasi hizi si zao. Hata dayati za kalori 800 hivi zina mahali pake, kwani utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 uliwaondolea karibu nusu ya washiriki kisukari cha aina ya pili ndani ya mwaka. Lakini hao walikuwa na watu wa afya waliowafuatilia na kuwasitishia dawa kwa utaratibu, wala hawakuchukua maelekezo kwenye grupu la familia.

Hatua ya 7: Irekebishe badala ya kuitupa

Dayati iliyofeli vipengele viwili si lazima iende jalalani. Rudi kwenye ile ya mayai. Asubuhi acha mayai 2, ongeza kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na chungwa zima. Mchana kuku abaki, aongezewe ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi na mchicha unaojaza nusu ya sahani, uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Usiku ondoa mayai, weka kikombe cha maharage, tembele, kachumbari, robo ya parachichi na kipande cha papai.

Jumla sasa ni kalori 1,400 hivi, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 30, mboga na matunda zaidi ya gramu 400. Kwa yule mtu wetu wa kalori 2,000 upungufu ni 600 kwa siku, sawa na nusu kilo kwa wiki. Haipendezi kwenye picha za kabla na baada. Lakini inaliwa, na hakuna anayelazimika kupika vyungu viwili: chakula hichohicho wanakula watoto, wao wakiongezewa ugali. Dayati inayomfanya mama wa nyumba apike mara mbili kila jioni hufa ndani ya wiki tatu, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Ukila kwa mama lishe, omba sahani igeuzwe: wali nusu ya kawaida, maharage mara mbili, mboga ijae. Wengi hukubali bila kuongeza bei, kwa sababu wali ndio uliokuwa unajaza sahani.

Hatua ya 8: Pima, kisha subiri wiki 4

Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya haja na kabla ya chai. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga, bila kubana pumzi. Sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda, na mara nyingi kiuno huonyesha mabadiliko hata wiki ambayo mizani imenuna.

Wiki 4 zikipita bila mabadiliko, usikimbilie kupunguza ugali wala kuongeza saa za kufunga. Tazama kwanza mafuta na vinywaji. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima huweka vijiko vinne akidhani ni kimoja. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko viwili vya sukari, vinafikisha takriban gramu 25, kiwango kile cha chini cha WHO, na bado hujala kitu. Anza na kijiko kimoja kwa kila kikombe, na pima mafuta kwa kijiko kila unapobandika sufuria.